Pafyumu tamu zenye harufu ya poda: uzi wa sisi tunaozipenda

Mwenye uzi

Hamjambo wadau. Mjadala wa pafyumu ukianza tu, sifa zote huenda kwa udi, na anayetaja pafyumu tamu ya poda huambiwa hiyo ni ya wasichana wa shule, au ni ya shosho kuendea kanisani. Nimeyasikia hayo vya kutosha. Mimi nazipenda kuliko aina nyingine yoyote. Nimezinusa kwenye stoli za tao, Eastleigh na maduka makubwa ya Westlands, na naona wanaozidharau ni wale ambao hawajakaa nazo mwilini kutwa nzima. Msimamo wangu ni huu: sukari peke yake huchosha pua upesi, lakini sukari iliyokaushwa na poda hutulia, ukashinda nayo hadi jioni bila kumkera jirani kwenye matatu.

Tuanze na poda yenyewe, maana wengi hudhani kuna kitu kiitwacho poda ndani ya chupa. Hakuna. Hata talki, ule unga wa madini unaotengenezewa poda, haina harufu ya maana. Tunachokiita harufu ya poda ni malighafi chache ambazo watengenezaji wa vipodozi walizitumia miaka na miaka kunukisha poda za uso, rangi za midomo na sabuni, mpaka pua zetu zikazoea kwamba harufu ile ndiyo poda.

Kubwa lao ni irisi. Si ua lake, ni mzizi. Huchimbwa, huambuliwa, hukaushwa, halafu huachwa ghalani miaka mitatu hivi, wakati mwingine hata mitano, ndipo harufu ijengeke ndani yake. Ukiwa mbichi hauna lolote la kumvutia mtu. Florence kule Italia ndiko kulikojijengea jina kwa mzizi huu. Yakishakamuliwa, mafuta yake huganda, ndiyo maana wenye kazi huyaita siagi ya irisi, nayo ni kati ya malighafi ghali kabisa katika biashara nzima ya manukato. Kwa hiyo ukiona pafyumu ya bei ya chini imeandikwa irisi, jua kuna kitu cha maabara kilichoshika nafasi yake, na si dhambi. Mwaka 1893 wanakemia Wajerumani walitengeneza ayononi, na tangu hapo harufu ya vayoleti, ambayo kuikamua kutoka kwenye ua ni kazi ngumu na ghali mno, ikawa inapatikana kwa kila mtu. Ayononi ndiyo ile harufu ya rangi ya mdomo ya zamani, ukiichanganya na waridi.

Kisha kuna heliotropini, kipenzi changu. Ina lozi, ina vanila, ina ukavu wa poda, vyote kwa pamoja. Jina limetoka kwa ua la heliotropi lenye asili ya Peru, ingawa chupani huwa ni kemikali ya maabara. Ongeza vanilini, iliyoanza kutengenezwa 1874, kumarini ya 1868 yenye harufu ya nyasi zilizokauka, na miski nyeupe, zilezile zinazofanya nguo zilizofuliwa zinukie usafi. Humo ndani ndimo poda zote mnazozijua zinamotoka.

Sasa nizitaje nilizozinusa. Sitafuata mpango.

Shalimar ya Guerlain ya Paris, 1925. Mpulizo wa kwanza ni bergamoti kali yenye moshi, na wengi huirudisha chupa kaunta palepale. Ngojeni. Baada ya nusu saa moshi unashuka, vanila inapanda, na chini yake kuna irisi na opoponaksi, aina ya manemane tamu inayotoka upande wa Somalia na Ethiopia. Yaani sehemu ya ule utamu wa Paris imetoka kwa majirani zetu. Mtu aliyekulia nyumba inayofukizwa uunsi, ule ufukizo wa Kisomali, hahitaji kufundishwa kuipenda Shalimar. Atasema tu, hii naijua.

Flower by Kenzo, 2000, kazi ya Alberto Morillas. Chupa yake nyembamba yenye ua jekundu la popi mmeiona. Popi haina harufu ya kusifiwa, kwa hiyo mtengenezaji alikuwa huru kuibuni. Niliipulizia kifundoni mwa mkono na kwenye kitambaa cha shingo nipate kulinganisha. Mkononi ilianza na ukali kidogo wa kijani, ikafuata vayoleti na waridi, na kufika wakati wa chakula cha mchana ilikuwa vanila na miski nyeupe tu, laini, karibu na ngozi. Kitambaani ilibaki vayoleti siku ya pili, tena kavu zaidi. Ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo, kwa sababu utamu wake una kipimo. Haikupigii kelele.

Hypnotic Poison ya Dior, 1998, ya Annick Menardo. Hapa ndipo hoja yangu inapoonekana wazi. Ni tamu sana, vanila nzito, lakini imewekewa lozi chungu mwanzoni, na uchungu ule unaubana utamu usitambae. Ondoa uchungu huo na unabaki na keki. Wanaosema pafyumu za poda ni za watoto waivae hii jioni moja.

La Vie Est Belle ya Lancôme, 2012, mnaifahamu, hakuna harusi Nairobi utaikosa. Ina irisi, pachuli (jani lenye harufu ya udongo) na utamu wa lozi zilizokaangwa na sukari. Asili ya ukoo huo ni Angel ya Thierry Mugler, 1992, iliyoleta ethili maltoli, ile harufu ya sukari inayoungua, kwa wingi usiowahi kuonekana, ikaisimamisha juu ya pachuli. Kwangu irisi ya La Vie Est Belle ni nzuri mno mwanzoni, kisha sukari inaichukua nyumba yote. Naiheshimu, siivai.

Teint de Neige ya Lorenzo Villoresi wa Florence, 2000, nimeijaribu kutoka kichupa cha sampuli alichoniletea rafiki. Hiyo ni poda mwanzo hadi mwisho: waridi, asmini, heliotropi, miski, na hakuna anayemsindikiza mwenzake mlangoni. Tone moja latosha. Ukipulizia mara tatu utasikika kabla hujaingia ofisini.

Na Yara ya Lattafa, ile ya chupa ya rangi ya waridi kutoka Falme za Kiarabu, ambayo imeshika Nairobi yote. Haifiki elfu tano, na kwa pesa hiyo inafanya kazi kuliko nyingi za bei mara nne. Heliotropi ipo, okidi ipo, matunda, vanila, miski. Saa ya kwanza naisikia kama mtindi wa stroberi, na hapo ndipo wengine humalizana nayo. Ipe muda. Poda hujitokeza baadaye, ngozi ikishapata joto.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni ya baridi kuliko ya Pwani, na Julai asubuhi mtu huvaa sweta mbili. Pafyumu ya poda hapa hutoka polepole. Ukiichukua ileile ukashuka nayo Mombasa mwezi wa pili, vanila huvimba na unyevu ule na unaweza kuumwa kichwa. Usiihukumu pafyumu uliyoipulizia Nyali ukadhani ndivyo itakavyokuwa Kasarani.

Nawasikiliza.

Mdau wa Rongai

Dada, asante kwa uzi. Mimi ni mtu wa kujaziwa, za kupimiwa kwa mililita pale tao. Flower ya kujaziwa haifanani kabisa na ulivyoieleza. Ni pua yangu au naibiwa?

Mwenye uzi

Pua yako ni nzima. Niliwahi kusimama kwenye stoli moja karibu na River Road nikitazama kazi inavyofanyika. Kijana ana mikebe ya alumini ya mafuta, kila mmoja umebandikwa jina kwa kalamu. Anavuta mafuta kwa sindano kubwa isiyo na ncha, anayamimina kwenye chupa, anajazia spiriti, anatikisa, anakupulizia mkononi papo hapo. Mchanganyiko huo haujapata hata dakika tano kukaa, kwa hiyo unachonusa ni spiriti na vitu vyepesi vya juu, vile vinavyotangulia kunukia.

Tatizo kubwa zaidi ni mafuta yenyewe. Vanilini na ethili maltoli ni rahisi, kila mwigaji anazo. Irisi nzuri na miski nzuri ndizo zinazokula pesa, na ndizo hupunguzwa kwanza. Matokeo yake nakala nyingi za pafyumu za poda hubaki na utamu, poda ikapotea. Kuna stoli iliyoniuzia "Kenzo" ambayo baada ya saa moja ilikuwa sukari tupu mkononi.

Kama bajeti ni ya kujaziwa, usiombe Flower wala La Vie Est Belle. Omba zile ambazo poda yake ni ya lozi na vanila, ndizo huigwa vizuri zaidi. Ipeleke nyumbani, iache kabatini gizani wiki mbili, ndipo uivae. Na mwambie apulizie kwenye karatasi, uondoke, ule chakula, urudi ukiwa bado unaipenda.

Mdau wa Kahawa

Mimi harufu ya poda ya mtoto inanikaa vibaya. Nimelea watoto watatu, sitaki kunuka nepi kazini! Kuna poda isiyokuwa hiyo?

Mwenye uzi

Mama, nakuelewa kabisa, na hapa ndipo watu wengi huikatia tamaa familia nzima ya poda kwa sababu ya mwanafamilia mmoja. Poda ya mtoto ya Johnson's ipo tangu 1894, vizazi vyote vimelelewa nayo, na hata baada ya kampuni kuacha kuuza ile ya talki duniani kote mwaka 2023 na kubaki na ya wanga wa mahindi, pua bado zinaikumbuka. Pafyumu zenye miski nyeupe nyingi pamoja na vanila na maua laini ndizo zinazoelekea huko. Kwa hiyo Teint de Neige achana nayo, na Flower inusie mkononi kwanza kabla ya kutoa pesa.

Wewe tafuta poda ya rangi ya mdomo au poda kavu ya mzizi. Ya rangi ya mdomo ni waridi na vayoleti, ina uso wa mtu mzima aliyejipamba. Lipstick Rose ya Frédéric Malle ilitengenezwa kwa wazo hilo hasa, ingawa bei yake ni ya kukaa na familia kuizungumzia. Ya mzizi ni Infusion d'Iris ya Prada, 2007, kazi ya Daniela Andrier. Haina sukari kubwa, inanukia shati lililopigwa pasi na mzizi mkavu. Ofisini hakuna atakayekuuliza habari za nepi.

Mdau wa South C

Swali zito kidogo. Najipulizia asubuhi, nikifika Bellevue siisikii tena. Lakini mwenzangu wa dawati la pili anasema inasikika hadi saa tisa. Ananidanganya?

Mwenye uzi

Hakudanganyi, na hili ni jambo la kweli kuhusu poda kuliko pafyumu nyingine. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni ayononi. Huchosha vipokezi vya pua kwa haraka, harufu ikazimika, halafu ikarudi ghafla baadaye. Ukivaa vayoleti utaisikia inakuja na kuondoka siku nzima, huku jirani anaisikia vizuri. Tena wanasayansi wameonyesha kwamba watu hutofautiana kwa kuzaliwa katika kuisikia ayononi ya aina ya beta. Jeni moja tu ya kipokezi cha harufu ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Mwingine anasikia ua, mwingine anasikia kitu kichachu, mwingine karibu hasikii chochote.

Ya pili ni miski. Molekuli zake ni kubwa, na kuna watu wasiosikia baadhi ya miski kabisa ilhali wanasikia nyingine zote. Ndiyo maana dada wawili wanaweza kununua chupa moja wakabishana hadi jioni, na wote wako sahihi.

Kwa hiyo usiongeze. Nakuomba sana, usiongeze. Mtu asiyejisikia hupulizia mara ya nane, na watu wa matatu ndio wanaoteseka. Mbili kifuani chini ya nguo, moja kwenye kitambaa cha shingo, basi. Muulize mwenzako wa dawati saa sita. Huyo ndiye pua yako.

Mdau wa Eastleigh

Walahi umenifurahisha uliposema uunsi na Shalimar. Mama yangu hupika uunsi nyumbani, na nikipita kaunta za pafyumu za Kizungu nasema hii ni yetu. Tunafukiza nguo kisha tunapulizia. Wewe unaonaje, zinakubaliana?

Mwenye uzi

Zinakubaliana mno, na nashangaa hili halisemwi zaidi. Uunsi, kwa wasioujua, hupikwa kwa sukari, ubani au utomvu mwingine wa mti, na mafuta ya manukato juu yake. Sukari ikishika moto ndani ya chetezo inatoa utamu wa kuungua, na utomvu unauweka ukavu. Angalieni vizuri: ni kanuni ileile niliyoanza nayo, utamu na kitu cha kuukausha. Wanawake wa Kisomali wanaifanya jikoni bila maabara yoyote.

Ninavyofanya mimi ni kufukiza kitambaa cha shingo au koti usiku, nikakiacha kitundikwe, asubuhi napulizia pafyumu ya poda kwenye ngozi, si kwenye kitambaa. Ukipulizia juu ya moshi wa jana, vitu vya juu vya pafyumu hupotea. Vikitenganishwa, moshi unakaa nyuma na poda mbele. Shalimar na Hypnotic Poison zinapenda hivi. Yara hapana, matunda yake hugombana na moshi.

Na watu wa Pwani mlio humu, najua mna mambo yenu ya asmini, liwa na udi wa nguo. Fungueni uzi, nitakuja kusoma wa kwanza.

Mdau wa Umoja

Pafyumu yangu ya vanila ilikuwa rangi ya maji, sasa imekuwa ya chai. Nimwage?

Mwenye uzi

Usimwage! Vanilini hugeuka rangi inapokutana na hewa na mwanga, na nyingi za poda zina vanilini. Rangi peke yake si kosa. Inusie kwenye karatasi: ikiwa mpulizo wa kwanza una uchachu au harufu ya mafuta yaliyokaa, hapo vitu vya juu vimeanza kuharibika, lakini mara nyingi baada ya dakika kumi sehemu ya chini iko salama. Itoe kwenye dirisha la bafu, iweke ndani ya kasha lake kabatini. Nguo nyeupe usizipulizie, itaacha doa.

Na kwa ngozi kavu ya Julai: paka losheni isiyo na harufu au mafuta ya mgando kidogo mahali utakapopulizia. Ngozi kavu humeza pafyumu, na poda ikimezwa unabaki na sukari ya juu juu tu.

Mdau wa Lang'ata

Nina jambo la haraka. Nataka kumnunulia mama mkwe zawadi, tunakwenda kwao Nyeri wikendi. Ni mama wa kanisa, mpole, hapendi vitu vya kelele, lakini rangi ya mdomo na poda ya uso hazikosi kwenye mkoba wake. Bajeti elfu kumi hivi. Yara au?

Mwenye uzi

Si Yara. Kwa mama huyo mtindi wa stroberi hautapita. Mwenye rangi ya mdomo na poda kwenye mkoba ameshakuambia anachokipenda, yaani vayoleti na waridi. Chukua Flower by Kenzo, chupa ya mililita 30 au 50 kulingana na utakavyoikuta. Nyeri ni baridi kuliko huku, kwa hiyo itamkaa vizuri na haitajaza kanisa.

Inunue duka lenye risiti na testa, yaani chupa ya kujaribia, iliyo wazi. Angalia namba iliyochapishwa chini ya chupa ifanane na ile ya kwenye kasha, na plastiki ya nje iwe imebana bila gundi ya kunatanata. Mwombe muuzaji akupulizie testa kwenye kitambaa chako mwenyewe Ijumaa mchana, uende nacho nyumbani. Ikifika usiku ukainusa na umeridhika, rudi Jumamosi asubuhi ulipe kabla hamjaondoka. Na ukimkabidhi, mwonyeshe apulizie kifuani chini ya leso, mara moja tu.